Mayai 96

Mama yule alishuka kwenye haisi pale Msamvu akiwa na ndoo ya lita 20, mdomo umefungwa kwa kipande cha khanga. Hilo alinisimulia baadaye. Mimi nilimwona alipoingia kwenye intaneti kafe niliyokuwa nafanyia kazi Mafiga, Morogoro. Akaitua ndoo taratibu kama mtu anayelaza mtoto mchanga, akauliza kwa sauti iliyowageuza wateja wote waliokuwa kwenye mashine: "Mtaalamu wa kuku ni nani hapa?"

Mtaalamu wa kuku. Jina hilo nilikuwa nimejibandika mwenyewe juu ya blogu yangu mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo. Cheti changu kilikuwa cha kompyuta. Kuku niliowafahamu kwa karibu walikuwa wanane, wote wa mama mdogo, na kati yao ni mmoja tu aliyekuwa hanikimbii.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

Akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala. "Mbona mdogo hivi?"

Kisha akafungua khanga. Aliyewahi kuvunja yai viza jikoni anaijua harufu hiyo. Azidishe mara 96. Wateja wawili walitoka mbio, na mmoja mpaka leo hajarudi kulipa mia tano yake. Ndani ya ndoo mayai yalikuwa yamepangwa tabaka kwa tabaka na pumba za mpunga katikati yasipasuke, kana kwamba bado palikuwa na kitu cha kuokoa. Sikuhitaji kuyahesabu. Mashine ya kutotolesha niliyomuuzia ilikuwa ya mayai 96.

Lakini ngoja niseme vizuri, kwa sababu ndivyo nilivyojitetea moyoni siku ile: sikumuuzia mimi. Nilimwelekeza tu kwa muuzaji, nikala asilimia kumi.

Hiyo ilikuwa Julai 2011. Kabla yake nilikuwa nimesoma sana, na karibu yote niliyosoma yalikuwa ya Kiingereza. Kebo ya SEACOM ilikuwa imetua Dar es Salaam mwaka 2009, na taratibu hata sisi wa mikoani tukaanza kufungua ukurasa bila kwenda kuchemsha chai kwanza. Usiku, kafe ikishafungwa, nilikuwa nakaa kusoma habari za Wamarekani wanaoishi kwa kublogu. Mafundisho yao yalifanana: chagua jambo dogo moja, andika kila siku, kusanya anwani za barua pepe, pandikiza viungo vya bidhaa za watu, kisha kalale. Pesa itaingia ukiwa umelala.

Kwetu mtu anayeingiza pesa akiwa amelala huitwa majina mengine. Watasema ana chuma ulete.

Lugha ya kuandikia haikunisumbua. Ndesanjo Macha alishaonyesha kupitia blogu yake, Jikomboe, kwamba Kiswahili kinatosha, na Issa Michuzi, mpiga picha aliyeanza blogu yake mwaka 2005, alikuwa na wasomaji hadi huko ughaibuni. Nilichagua kuku kwa sababu moja tu: pale kafe, jirani na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kila wiki alikuja mtu kuomba nimtafutie jambo la kuku. Namna ya kutengeneza chakula. Dawa ya kideri. Kuku wangu wanadonoana, nifanyeje? Nilikuwa natafuta, natafsiri, nachapa, nalipwa mia mbili kwa ukurasa. Siku moja nikaona heri niweke yote hewani, kila mtu ajisomee.

Wasomaji walikuja. Pesa haikuja. Kampuni moja kubwa ya matangazo haikuwa na Kiswahili kwenye orodha ya lugha zake wakati huo, basi nikaandika makala sita kwa Kiingereza cha kubabaisha ili nikubaliwe. Nilikubaliwa. Kwa miezi minane nilikusanya dola 11 na senti, na kiwango cha chini cha kulipwa kilikuwa dola 100. Nikajaribu kuweka viungo vya duka kubwa la Marekani, vya vitabu vya ufugaji na vyombo vya kunyweshea vifaranga. Watu walibofya sana, nikafurahi, mpaka msomaji mmoja wa Dodoma alipoandika kunishukuru kwa picha nzuri: ameshamwonyesha fundi seremala wake, na chombo amechongewa kwa shilingi elfu tatu.

Ndipo nilipoenda Kariakoo kumtafuta muuzaji wa kwetu. Nikampata wa mashine kutoka China, tukakubaliana: laki nne na nusu kwa mashine, kila mteja nitakayemleta nipate elfu 45. Usiku ule nililala kwa mjomba, Manzese.

Mjomba alikuwa dalali wa vyumba. Anayejua maisha ya kupanga Dar anaijua kazi hiyo. Mpangaji anatoa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na juu yake anamtolea dalali kodi ya mwezi mmoja. Nilipomweleza mpango wangu alicheka mpaka akaweka kijiko chini.

"Kumbe na wewe dalali!"

Niliona kama ametukana. Nikamweleza kwamba huu ni ujasiriamali wa mtandaoni, kwamba Amazon wana mpango wa namna hiyo tangu 1996, na una mfumo wake unaojua nani amemleta nani. Alisikiliza kwa heshima zote. Kisha akauliza, "Hiyo mashine umeiona ikitotoa?"

"Nimeona picha, mjomba."

"Mimi chumba nakwenda kukiona masika, mvua inanyesha. Mtu akihamia bati likavuja, hasemi mwenye nyumba kanitapeli. Mwenye nyumba hamjui. Anasema fulani kanitapeli." Akajigonga kifua. "Linalovuja ni jina langu."

Nilidhani anajisifu. Niliporudi Morogoro nikaandika makala ya mashine kwa kutafsiri karatasi ya maelezo ya kiwandani, nikaongeza maneno matamu ya kwangu mawili matatu, nikaweka namba ya simu. Mteja wa nne akawa yule mama wa ndoo, wa Mikese, aliyeipata makala ile kwa kusomewa na mwanawe. Fedha alizikopa kwenye kikundi chake cha VICOBA.

Sasa turudi kwenye ndoo.

Tulitoka nayo nyuma ya kafe, chini ya mwarobaini, tukaanza kuvunja. La kwanza lilikuwa maji matupu. La pili vilevile. Mayai hayo hayakuwa na mbegu tangu mwanzo, na kama yangemulikwa kwa tochi siku ya saba yangeonekana, yangetolewa, yangekaangwa hata. Sikuwa nimeandika habari ya tochi. La tatu lilikuwa na kifaranga. Alikuwa ameshaota manyoya, yamelala mwilini kama nywele zilizolowa, na kichwa amekiinamisha kifuani. La nne hivyohivyo. La tano. Mama alikuwa akiwatoa kwa kidole gumba na kuwapanga juu ya jani la mgomba, kimya kimya, na alipofika wa tisa akasema basi, inatosha.

Nikamuuliza ilikuwaje. Umeme, akasema. Mwaka ule bwawa la Mtera lilikuwa limekauka vibaya na nchi nzima ilikuwa kwenye mgao. Kule kwake umeme ulikatika jioni ukarudi alfajiri, usiku tatu mfululizo, siku ya 16, ya 17 na ya 18. Mayai yanataka nyuzi 37 na nusu kwa siku 21, na baridi ya Julai ya milima ya Uluguru haina masihara. Jambo hilo lilihitaji sentensi moja tu kwenye makala yangu: kama huna njia ya kutunza joto umeme ukikatika, usinunue. Niliandika makala ile gizani, kwa taa ya chemli, nikisubiri umeme urudi ili nikaichape. Sikuiandika sentensi hiyo.

"Mama, nitakurudishia hela yangu niliyopata," nikasema.

"Sikuja kudai."

"Sasa?"

"Wenzangu kikundini wananicheka. Wanasema watu wa kwenye intaneti hawapo, ni majina tu. Nikasema nitakwenda nione kama upo."

Nilimpa elfu 45 zote. Alizihesabu, akatoa elfu tano, akanirudishia. "Nauli yako hiyo. Uje Jumamosi uone mashine ilipowekwa, unieleze nilipokosea." Kwa hiyo Jumamosi nikapanda haisi kwenda Mikese kufundishwa kazi ambayo nilikuwa naifundisha.

Usiku wa Jumapili niliandika makala ndefu kuliko zote, kichwa chake "Nimewapotosha". Nilieleza mayai yale moja moja. Nilieleza kwamba nilikuwa nalipwa kwa kila mashine na kiasi nilicholipwa, jambo ambalo sikuwa nimelisema hata mara moja. Nilitaja idadi ya mashine zilizouzwa kupitia kwangu, nne, na nikawaomba wale watatu wengine wanipigie. Wawili walipiga. Muuzaji wa Kariakoo naye alipiga, asubuhi na mapema, akaniambia nimemharibia soko na tusijuane tena. Haki yake. Elfu 45 zilizokuwa zimebaki kwake sikuzipata.

Nilidhani nimejifungia duka, na kwa miezi mitatu hivi ilikuwa kweli; sikuingiza hata senti. Ila simu ilikuwa hailali. Mwalimu mstaafu wa Singida, mkoa ambao kila mpanda basi anaujua kwa kuku wake, alinipigia kunieleza kwamba yeye umeme ukikatika huweka chupa za maji ya moto ndani ya mashine na kuifunika blanketi zima, na hubadilisha chupa kila baada ya saa mbili. Mwanafunzi wa mifugo pale chuoni alikuja mwenyewe kafe na daftari, amepigia mstari makosa yangu 14. La tatu lilikuwa la chanjo ya kideri: niliandika itolewe vifaranga wakizaliwa, nikanyamaza, wakati ile ya matone ya jicho inatakiwa irudiwe kila miezi mitatu. Wangapi walikuwa wamepoteza kuku kwa kunyamaza kwangu? Sikuuliza. Nilisahihisha yote 14, nikaandika chini ya kila makala tarehe ya kusahihishwa na kosa lilikuwa nini.

Watu hao wawili, na mama wa Mikese, na msomaji wa Dodoma mwenye fundi seremala, wakaanza kupigiana simu wenyewe kwa wenyewe. Mimi nilikuwa natoa namba tu, baada ya kumwomba mwenyewe ruhusa. Wa Singida alikuwa na majogoo, wa Dodoma alitaka majogoo. Wamarekani wangu walikuwa wamenifundisha kujenga mtandao kwa kuwaandikia wakubwa wa fani na kuwaachia maoni ya kuwasifu. Niliandika mengi ya hivyo, kwa Kiingereza changu kilekile. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuninunulia yai.

Hapa kuna jambo la lugha. Kwetu ukisema unafanya biashara mtandaoni, watu wanaweza kukuelewa. Ukisema unafanya biashara ya mtandao, hapo wanashika mifuko yao, kwa sababu hiyo ndiyo ya kuingiza watu chini yako nao waingize wengine. DECI, ile ya kupanda mbegu uvune maradufu, ilikuwa imeanguka 2009 na kidonda kilikuwa bado kibichi. Waliwahi kunijia vijana wawili wamevaa tai, na jua lile la Morogoro, wakitaka niwape wasomaji wangu kama timu. Walinichorea duara juu ya karatasi, mimi nikiwa wa juu kabisa. Nikawauliza, bidhaa ni nini? Mmoja akajibu, kwa dhati kabisa, "Bidhaa ni watu."

Muuzaji wa pili nilimpata mjini kwetu hapohapo, fundi aliyekuwa akitengeneza mashine za mbao za mayai 60, zenye nafasi ya kuweka chemli umeme ukikatika. Safari hii sikuandika neno kabla sijaiweka mashine kwenye ukumbi wa mama mdogo kwa siku 21. Nilikuwa naamka usiku kugeuza mayai, nikaacha kuyageuza siku ya 18 kama inavyotakiwa, na mama mdogo akanituhumu kwamba nayapenda mayai kuliko ndugu zangu. Walitoka vifaranga 41. Makala yangu ilianza na yale 19 yaliyokufa.

Tukakubaliana tena asilimia kumi, na hapo ikaja shida ya hesabu. Katika maduka makubwa ya mtandaoni kiungo huacha kidakuzi kwenye kompyuta ya mnunuzi, na Amazon kwa kawaida humhesabia aliyemleta kwa saa 24. Mnunuzi wangu alikuwa anasoma kwenye kompyuta ya kafe Jumatatu, anakwenda kumwuliza mumewe, anangoja zamu yake ya kikundi, anavuna mahindi, kisha mwezi wa nne anaibuka kwa fundi na fedha ndani ya soksi. Kidakuzi gani kingemkumbuka? Basi tukatumia daftari. Anayetaka mashine ananitumia meseji kwanza: jina, anakotoka, ana mayai mangapi kwa wiki. Naandika. Jumamosi fundi naye analeta daftari lake, tunakaa kwenye benchi, tunalinganisha. M-Pesa ilishakuwepo nchini tangu 2008, kwa hiyo changu nilikuwa napokea hapohapo bila safari. Majina mawili matatu yalikuwa hayalingani kila mwezi, tunagombana kidogo, tunagawana.

Meseji ile ilikuwa na faida ambayo sikuitarajia. Mtu akiniambia ana mayai manane kwa wiki, nilikuwa namwambia asinunue. Kuku wake watayaatamia wenyewe bila gharama. Fundi hakupenda. Lakini wale niliowazuia ndio waliokuwa wakinitumia wengine, na baada ya mwaka mmoja nusu ya majina ya daftarini yalikuwa ya watu ambao hawajawahi kuisoma blogu. Wametumwa na jirani. Miaka mizuri, 2013 hadi 2016, tulikuwa tunauza mashine sita hadi nane kwa mwezi, na blogu ikawa kama bango la dukani: linasaidia watu wasipotee njia, ila si kilichowaleta.

Simu janja zilipoenea tukahamia WhatsApp. Kundi lilikuwa na kikomo cha watu 100, na hapo nilijifunza uchungu wa kumtoa mtu ili mwingine aingie. Nilimtoa mzee mmoja wa Ifakara aliyekuwa haongei miezi saba. Akanipigia simu: alikuwa anasoma kila kitu, haandiki kwa sababu macho hayaoni herufi za kubofya, anasomewa na mjukuu. Nikamrudisha, nikamtoa aliyekuwa anatuma picha za maua na "asubuhi njema" kila siku saa kumi na moja. Kikomo kilipopandishwa hadi 256 mwaka 2016 nilishukuru kwa dhati, na mtu wa maua akarudi na maua yake.

Mwaka 2018 zikatoka kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa kulipia maombi shilingi laki moja, leseni milioni moja, na milioni nyingine kila mwaka. Nilikaa na daftari nikapiga hesabu: faida yangu yote ya mwaka uliotangulia, baada ya kutoa vocha na nauli, ilikuwa milioni moja na laki sita. Juni nikaifunga blogu. Wapo walioniuliza kama niliumia. Niliumia kwa ajili ya makala zile zenye tarehe za kusahihishwa. Biashara yenyewe haikuyumba hata wiki moja, kwa sababu haikuwa imekaa kule.

Mama wa Mikese hakuacha kuku. Aliinunua mashine ya fundi kwa mkopo mwingine, akaweka paneli ya sola na betri, na kufikia 2020 alikuwa anatotolesha mayai ya watu kijiji kizima kwa malipo. Simu yake ilikuwa ikionyesha vifaranga kila asubuhi kwenye stetasi. Siku moja akanipigia kwamba kuna kijana wa Gairo na dada wa Ngerengere wamevutiwa, amewatuma kwa fundi, niandike majina yao.

Jumamosi majina yalikuwepo kwenye madaftari yote mawili. Jioni akapiga tena.

"Mwanangu, wale watu wamenunua?"

"Wamenunua, mama. Asante sana."

"Asante ndiyo nini? Changu kiko wapi?"

Nilicheka peke yangu, nikamtumia elfu 40, nusu ya nilichopata. Haikupita dakika tano meseji ikaingia.

"Imefika. Ila umesahau ya kutolea."